Una bakapu? Umewahi kuirudisha?

Wadau, kuna ubishi mmoja usioisha kila vijana wa kompyuta wanapokaa meza moja. MySQL au PostgreSQL? Oracle au SQL Server? Ni Simba na Yanga iliyohamia kwenye seva. Kila mtu ameshachagua timu yake tangu zamani, hoja zinakuja baadaye. Mimi si fundi. Ni mwandishi wa habari niliyejifunza SQL kwa ulazima, maana siku hizi habari nyingi zimelala kwenye majedwali, na asiyejua kuyasoma atabaki kusubiri aitwe kwenye mkutano na waandishi apewe karatasi. Kwa hiyo mafundi watanisamehe nikiingia uwanjani kwao na viatu vya kutembelea.

Kinachoniudhi katika ubishi huu ni yale majedwali ya kulinganisha. Mnayajua. Kushoto wameorodhesha sifa, juu wameweka majina ya kanzidata, katikati alama za vyema. Ukifika mstari wa bakapu, zote zina vyema. Ukifika mstari wa kuoana na mifumo mingine, zote zina vyema tena. Msomaji anapita haraka kwenda kwenye mstari wa kasi au wa bei, ambako ndiko ugomvi ulipo.

Mimi nasema mistari hiyo miwili ndiyo inayodanganya kuliko yote. Kanzidata gani duniani isiyoweza kutoa nakala? Swali la maana ni kwamba nakala hiyo itarudi wapi: kwenye toleo lipi, kwenye mashine ipi, kwa kampuni ipi, na ni nani aliyewahi kuirudisha akaona. Ukiliuliza hivyo, bakapu na kuoana vinageuka kuwa jambo moja, na vile vyema vinaanza kufutika kimoja kimoja.

Na hili si la mafundi peke yao. Humo ndani kuna salio lako la SACCOS, kadi ya kliniki ya mtoto wako, matokeo yako ya chuo, na makala zote ambazo mimi na wenzangu tumeandika. Siku nakala ikigoma kurudi, fundi anaweza kutafuta kazi kwingine. Wewe salio lako utalitafuta wapi?

Twende taratibu. Nakala za kanzidata ziko za aina mbili, ingawa kila kampuni huzipa majina yake. Ya kwanza ni kunakili mafaili yenyewe kama yalivyo kwenye diski. Ya pili ni kuiomba kanzidata ijieleze kwa maandishi: tengeneza jedwali hili, weka mstari huu, weka na huu, mpaka mwisho. Chukulia mfano wa pilau. Aina ya kwanza ni kubeba sufuria zima kumpelekea shangazi: ukifika, watu wanakula. Aina ya pili ni kumwandikia shangazi maelezo ya kupika: atachelewa, lakini atapika hata kama jiko lake ni la mkaa na lako ni la gesi. Sufuria ni la haraka, ila linataka jiko linalofanana na ulikolitoa. Maelezo ni ya polepole, ila yanasafiri.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye kisa kimoja, kwa sababu kimebeba kila kitu ninachotaka kusema. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, ambayo huwatunzia waandishi wa programu kazi zao, ilikuwa inahangaika na seva zake mbili za PostgreSQL. Moja ilikuwa kuu, nyingine ni ya kuifuata ile kuu na kunakili kila kinachoingia. Ile ya kufuata ikabaki nyuma, ikakwama. Mhandisi mmoja, usiku, akaamua kufuta data iliyokwama kwenye ile ya pili ili aanze upya. Amri ya kufuta akaiandika kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, akaikatiza. Kati ya takribani GB 300, zilibaki GB 4.5.

Bado hapo hakuna cha ajabu. Watu hufuta vitu. Ajabu ni kilichofuata: walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kurudufu data, na wenyewe walikiri hadharani kwamba hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi ya kutegemewa. Ile iliyopaswa kutoa nakala ya maandishi kila siku kwa programu ya pg_dump na kuipeleka kwenye hifadhi ya Amazon, walipoenda kuangalia walikuta ghala tupu. Kwa nini? Kwa sababu kanzidata yao ilikuwa PostgreSQL 9.6, na pg_dump iliyokuwa inaitwa kila siku ilikuwa ya toleo 9.2. Na pg_dump ina sheria: haikubali kutoa nakala ya kanzidata yenye toleo kuu jipya kuliko lake. Ikawa inagoma kila siku. Ilikuwa inatuma barua pepe kulalamika kwamba imegoma, lakini barua zenyewe zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa sahihi inayotakiwa. Hakuna aliyezisoma.

Kilichowaokoa ni bahati. Kama saa sita kabla ya ajali, mhandisi alikuwa amechukua kwa mkono picha ya diski, kwa ajili ya majaribio ya kazi nyingine kabisa. Wakairudisha hiyo. Huduma ilikatika kwa takribani saa 18, na kila kilichoandikwa kwenye kanzidata katika zile saa sita kilipotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya kama 700. Nawapa heshima yao kwa jambo moja: walirusha kazi ya uokoaji moja kwa moja kwenye YouTube, na baadaye wakaandika kila kitu bila kuficha. Ofisi ngapi huku kwetu zingefanya hivyo? Tungeambiwa "mtandao uko chini" mpaka tuzoee.

Angalieni vizuri kilichotokea pale. PostgreSQL ina bakapu? Ndiyo, vyema. GitLab walikuwa wameiwasha? Ndiyo, vyema. Walikwama kwenye mstari ule mwingine, wa kuoana. Programu ya toleo moja haikuoana na kanzidata ya toleo lingine la familia ile ile, ya mtengenezaji yule yule. Ndiyo maana nakataa kuvitenganisha.

Kwa kuwa nimeanza na PostgreSQL, niimalizie. Naipenda, na sitaficha. Tangu toleo 8.0 la mwaka 2005 inaweza kurudisha hali ya kanzidata ilivyokuwa saa fulani na dakika fulani, kwa kutumia daftari lake la mabadiliko. Toleo 17 la mwaka 2024 likaongeza nakala za nyongeza, yaani kunakili kile tu kilichobadilika tangu nakala iliyopita. Yote haya ni bure. Lakini nakala ya mafaili yake hairudi kwenye toleo kuu lingine. Sufuria la 15 haliwaki kwenye jiko la 16. Na pg_dump haibebi watumiaji wa seva nzima pamoja na nywila zao, hao wanatolewa kwa pg_dumpall. Mtu asiyejua anarudisha majedwali yote salama, halafu anagundua hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuyafungua.

Kuna lingine la PostgreSQL ambalo wengi hawalijui, nami nilipolisoma nilicheka kwanza halafu nikaacha kucheka. Kupanga maneno kwa alfabeti PostgreSQL kwa kawaida huiachia Linux. Mwaka 2018 maktaba ya Linux inayofanya kazi hiyo, glibc, ilibadilisha utaratibu wake katika toleo 2.28. Kabla ya hapo "11" ilitangulia "1-1". Baada ya hapo "1-1" ikatangulia "11". Dogo, sivyo? Sasa chukua mafaili ya kanzidata kutoka Debian 9, yapeleke kama yalivyo kwenye Debian 10. PostgreSQL ni toleo lile lile, inawaka vizuri, hailalamiki. Ila faharasa zilipangwa kwa utaratibu wa zamani na sasa zinatafutwa kwa utaratibu mpya. Unamtafuta mtu, unaambiwa hayupo. Yupo. Ungetumia nakala ya maandishi, faharasa zingejengwa upya kulekule na usingeona kitu.

Tuje SQL Server ya Microsoft, ambayo imejaa kwenye ofisi zetu kwa sababu mifumo mingi ya uhasibu na ya hospitali huja nayo. Bakapu yake ni nyepesi kuliko zote: amri moja, faili moja la .bak, mtu yeyote anaweza. Tatizo ni kwamba mlango wake unafunguka upande mmoja. Faili lililotoka toleo jipya halirudi kwenye toleo la zamani, kamwe. Na hapa kuna imani potofu inayosambazwa na mafundi wenyewe: kwamba ukishusha kile kiwango cha kuoana kwenye mipangilio, tuseme kutoka 150 ya toleo la 2019 hadi 110 ya toleo la 2012, basi faili litakubalika kwenye seva ya 2012. Halikubaliki. Kiwango kile kinabadilisha namna seva inavyoelewa maswali unayoiuliza. Mafaili yanabaki ya 2019. Na hata kwenda mbele kuna kikomo: SQL Server 2012 haiwezi kurudisha .bak iliyotoka SQL Server 2000, lazima upitie toleo la katikati. Sasa wewe uliyetunza CD za bakapu tangu enzi hizo kwenye kabati la mhasibu, hilo toleo la katikati unalo?

Halafu kuna Express, toleo la bure ambalo ofisi ndogo nyingi hutumia. Ndani yake hamna SQL Server Agent, yule mfanyakazi wa ndani anayeamka usiku kuchukua bakapu kwa ratiba. Unaweza kupanga ratiba kwa kutumia Windows yenyewe, si kazi ngumu, ila lazima mtu akumbuke kuipanga. Kwenye jedwali la kulinganisha, Express nayo ina vyema kwenye mstari wa bakapu.

Oracle nitapita haraka, maana wanaoitumia wana mafundi wa kuwalipa. Kwa bakapu peke yake, RMAN yake ni mashine ya heshima: inasoma data kipande kwa kipande, inatambua vilivyoharibika, na unaweza kuiamuru ikague kama nakala inarudishika bila kuirudisha kweli. Data Pump inakuruhusu kusema "nitolee nakala ya kusomeka kwenye toleo la zamani", jambo ambalo Microsoft wangeiga. Lakini hata humo ndani hawaoani wenyewe kwa wenyewe: faili lililotolewa na ile programu ya kale ya exp halisomwi na Data Pump, na la Data Pump halisomwi na imp. Na ukitaka kuhama Oracle kabisa utakutana na kituko chake maarufu: kwa Oracle, neno tupu na kutokuwepo kwa neno ni kitu kimoja. Mgonjwa asiye na jina la kati na mgonjwa ambaye jina lake la kati halijulikani wanakuwa mtu wa aina moja. Kanzidata nyingine zinawatofautisha. Ukihama, hiyo tofauti huwezi kuirudisha, kwa sababu haikuwahi kuandikwa.

MySQL sasa. Hii ndiyo ya kwetu wanahabari, kwa sababu WordPress inakaa juu yake, au juu ya pacha wake MariaDB. Mnakumbuka historia: Sun Microsystems waliinunua MySQL mwaka 2008 kwa dola bilioni 1, Oracle wakainunua Sun mwaka 2010, na Michael Widenius, mmoja wa walioianzisha, akawa ameshajitenga na kuanzisha MariaDB. Mapacha hao walioana kwa miaka mingi kiasi kwamba watu walizoea kuwabadilisha kama betri. Mazoea hayo yamewagharimu. MySQL 8.0 ya mwaka 2018 ilikuja na utaratibu mpya wa kupanga herufi unaoitwa utf8mb4_0900_ai_ci, na ikaufanya ndio wa kawaida. MariaDB kwa miaka mingi haikuutambua, na hata MySQL 5.7, kaka yake wa tumbo moja, haiutambui. Ukichukua nakala ya maandishi kutoka 8.0 na kuipeleka kwa hao, inakwama kwenye jedwali la kwanza.

Angalau hapo inakwama kwa kelele. Mimi nachukia zaidi zinazokwama kimya. mysqldump, kwa mfano, isipoambiwa haibebi zile programu ndogo zinazohifadhiwa ndani ya kanzidata, wala kazi za ratiba. Lazima uongeze --routines na --events. Kama majedwali yako ni ya InnoDB, --single-transaction inakupa nakala ya wakati mmoja bila kuwafungia watu mlango. Kama bado una majedwali ya MyISAM ya zama za kale, ahadi hiyo haiyahusu, na usije ukashangaa kukuta malipo yameingia ilhali oda yake haipo.

Nitoe mfano wa nyumbani. Kuna chumba kimoja cha habari, sitakitaja, kilichohamisha tovuti yake kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti kwenda nyingine. Miaka mingi ya makala. Fundi alikuwa na uhakika. "Dada, usiwe na presha, bakapu ipo." Na kweli ilikuwepo, na ikarudi bila kosa hata moja kwenye skrini. Baada ya siku chache msomaji mmoja akapiga simu kuuliza kwa nini tunaandika Kiswahili cha ajabu. Tukafungua makala ya wafugaji. Kila palipokuwa na ng'ombe palisomeka "ngâ€™ombe". Ng'ambo ikawa "ngâ€™ambo". Ming'oko, kung'atuka, Ng'wanamalundi, wote walikuwa wamepatwa na ugonjwa ule ule.

Sababu ni kwamba Word hupenda kugeuza kile kikoma cha juu kuwa cha kupinda, na alama hiyo ya kupinda huandikwa kwa baiti tatu katika UTF-8. Kanzidata ya zamani ilikuwa imewekwa latin1, ambayo ndiyo MySQL ilikuja nayo kama kawaida yake mpaka 8.0 ilipobadilisha. Tovuti ilikuwa inaingiza UTF-8 na kutoa UTF-8, kanzidata katikati ikiamini ni latin1, na kwa kuwa wote wawili walidanganyana kwa namna moja, hakuna aliyeona. Nakala ilipotolewa, mysqldump ikaziamini zile baiti tatu kuwa ni herufi tatu za latin1, ikazitafsiri moja moja. Uongo uliokuwa umefichika ukawa maandishi.

Linatibika, ukiliona mapema. Lakini wahariri walikuwa wameshaingiza makala mpya sahihi juu ya zile mbovu, na kampuni ya zamani ilikuwa imeshafuta akaunti. Ile tiba ya kugeuza baiti, ukiipitisha kwenye makala zote, inaponya za zamani na kuharibu mpya. Wakaanza kurekebisha kwa mkono. Nilipoondoka walikuwa bado. Kibaya kuliko sura mbaya ni utafutaji: mwandishi akitafuta habari za ng'ombe katika hifadhi ile, zile za zamani hazitokei. Kwa chombo cha habari, makala isiyotafutika na makala isiyokuwepo zinakaribiana sana.

Huyo ng'ombe ana vituko vingine. Chukua nakala ya mysqldump uipeleke PostgreSQL, ukiamini kwamba maandishi ya SQL ni maandishi ya SQL. Kiwango cha SQL kipo tangu mwaka 1986, si ndiyo? MySQL kwa kawaida huandika ng\'ombe, ikiweka mkwaju wa nyuma kuonyesha kwamba kikoma kile ni cha neno, sentensi haijaisha. PostgreSQL tangu toleo 9.1 la mwaka 2011 inafuata kiwango: mkwaju wa nyuma ni herufi kama herufi nyingine, na kikoma cha ndani ya neno huandikwa mara mbili. Kwa hiyo inasoma "ng" na mkwaju, inaona neno limeisha, halafu inakutana na "ombe" limesimama peke yake barabarani. Kosa. Mwingereza ana "don't" na "it's", naye anaumia. Ila sisi tuna sauti nzima ya lugha iliyojengwa juu ya alama hiyo. Mysqldump iliwahi kuwa na chaguo la --compatible=postgresql, na kitabu chake chenyewe kilionya kwamba hakihakikishi kuoana. MySQL 8.0 wakaliondoa. Bora walivyofanya, angalau jina halidanganyi tena.

Najua mtakachosema. "Dada, hayo ni ya kizamani, siku hizi tuna seva pacha." Pacha hunakili kila kitu, hata maafa. Mwanzoni mwa 2009 tovuti ya Ma.gnolia, watu walikokuwa wanahifadhi anwani za kurasa wanazozipenda, ilipoteza kanzidata ya MySQL ya karibu nusu terabaiti. Mafaili yaliharibika, na mfumo wa kunakili ukayanakili yakiwa yameharibika. Wakati huo huo JournalSpace, nyumba ya blogu iliyokuwa na miaka sita, ilifutika kabisa kwa sababu bakapu yao ilikuwa diski mbili zinazofuatana kama kivuli. Kilipofutwa kwenye moja kikafutika kwenye nyingine. Shajara za watu za miaka sita, hivi hivi.

"Basi tunaweka kwenye wingu." Wekeni, mimi pia naweka. Lakini wingu ni jengo. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la OVHcloud pale Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na wapo wateja waliogundua siku hiyo kwamba nakala zao zilikuwa kwenye eneo hilo hilo na data yenyewe. Halafu zile picha za diski ambazo huduma za kanzidata za wingu zinachukua kila usiku, nyingi hurudi humo humo kwa kampuni hiyo hiyo tu. Ni sufuria lililofungwa mnyororo kwenye jiko. Siku ukigombana nao kuhusu bili, ndipo utaujua mnyororo huo.

Msimamo wangu kwa hiyo ni huu, na mafundi mje mnipinge. Weka nakala za aina mbili, kila moja kwa kazi yake. Ya mafaili kwa ajili ya dharura ya leo usiku, kwa sababu kanzidata kubwa ukiirudisha kwa maandishi asubuhi itakukuta bado inaandika. Ya maandishi kwa ajili ya miaka ijayo, kwa sababu miaka 15 ijayo sina hakika nani atakuwa na seva ya toleo lako, ila mtu atakayeweza kusoma maandishi atakuwepo. Na kama data yako ni ya kusomwa tu, hifadhi ya makala kwa mfano, au takwimu ulizokusanya kwa ajili ya habari, ifikirie SQLite bila aibu. Kanzidata nzima ni faili moja. Umbo la faili hilo limebaki lenye kusomeka tangu toleo 3.0 la mwaka 2004, na waandishi wake wameahidi kulitunza mpaka 2050. Kati ya zote nilizozitaja, ni hao tu waliothubutu kutaja mwaka. Wana mtego wao: ukilinakili faili wakati programu inaandika, hasa lile faili la pembeni lenye -wal usipolibeba, utabeba nusu habari. Kuna amri ya .backup kwa ajili hiyo, itumie.

Kwa taasisi za umma nina ombi zito zaidi. Zinapotangaza zabuni za mifumo, sharti la bakapu huandikwa kwa mstari mmoja: mfumo uwe na bakapu. Mzabuni anaweka vyema. Mkataba ungesema hivi: kila mwezi nakala ya maandishi ikabidhiwe kwa taasisi, irudishwe kwenye mashine ambayo si ya mzabuni, na idadi ya mistari ya kila jedwali ilinganishwe mbele ya mtu wa taasisi atakayesaini. Na ifungwe kwa ufunguo, maana nakala ya wagonjwa ikizagaa kwenye flashi ni kosa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Gharama yake ni kompyuta moja ya kawaida na asubuhi moja ya fundi. Sisi waandishi tungepata pia swali zuri la kuuliza mfumo unapokatika kwa siku tatu: mara ya mwisho nakala kurudishwa ni lini, na nani alisaini?

Kwa wewe mwenye tovuti, duka, au kikundi chenye kanzidata inayotunzwa na kijana mmoja mwenye uhakika sana, usimuulize kama bakapu ipo. Atasema ipo. Mwombe aje na kompyuta nyingine, tofauti na ile ya kazini, airudishe mbele yako mwanzo hadi mwisho. Hesabuni mistari ya jedwali kubwa kuliko yote, pande zote mbili. Angalieni tarehe ya ingizo la mwisho. Jaribuni kuingia kwa nywila ya mtumiaji wa kawaida. Halafu andika "ng'ombe" kwenye kisanduku cha kutafutia, mwone kama anatokea.